Jana Ulikwenda Wapi

Jumatatu, 4 Machi
Nimekula kiapo. Mkono juu, kama shahidi wa kesi ya mauaji. Na kazi yenyewe? Kubisha hodi na kuuliza watu jana walikwenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani na nani. Jiji linataka kujua barabara zipanuliwe wapi.

Msimamizi wetu nimeshampa jina: Bi Rula. Amenyooka, na anapima kila kitu. Masharti yake mawili. Mtu akishakujibu dodoso, majibu yake hata mama yako mzazi asiyasikie. Na kuanzia saa tatu hadi saa kumi usitoke mtaa uliopangiwa — ukitoka, rudisha kitambulisho. Mkataba ni miezi mitatu, kisha mmoja wetu atabakizwa ofisini. Miaka miwili nimekaa nyumbani nachambua mchele na mama. Huyo mmoja ni mimi, mtu apende asipende.

Jumanne, 5 Machi
Kaya sita. Miguu imevimba.

Somo la leo: mume na mke usiwaulize chumba kimoja. Bwana mmoja, dereva wa lori, kasema jana alishinda gereji mpaka jioni. Mkewe akaniambia, taratibu kabisa, hiyo niandike kwa penseli. Nikaandika kwa penseli. Sijafika getini, bwana huyo nyuma yangu mbio, anaomba kurekebisha safari ya tatu.

Ijumaa, 8 Machi
Leo nimepata mtu anayejibu utadhani dodoso lilitungwa kwa ajili yake. Fundi saa, mgane, mzee wa staha, nyumba namba kumi na saba. Safari ya pili alitoka saa nne na dakika saba. Dakika saba! Wengine wote huniambia "kama saa nne hivi".

Kwa miguu, dakika arobaini na moja, njia ya nyuma ya karakana ya reli. Na wangapi? Na mmoja. Madhumuni? Nikamsomea: kazi, masomo, soko, matibabu, kumjulia mtu hali, mengineyo. Akafikiri, akachagua mengineyo. Hapo ningefunga karatasi zangu nikaaga. Lakini mzee moyo umemjaa, akaendelea mwenyewe. Mwenzake ni mkunga mstaafu. Wanatembea kila Alhamisi. Na akicheka, huziba jicho moja kwa kiganja.

Kalamu ikaniponyoka. Mkunga mstaafu anayeziba jicho moja akicheka namjua. Alininyonyesha.

Kumbe! Mwaka mzima mama ananiambia Alhamisi anakwenda kumwona shoga yake, maskini, miguu inamsumbua.

Jumapili, 10 Machi
Kiapo kinanikereketa koo. Kusema siwezi. Lakini kuuliza hakujakatazwa.

Mezani nikamchokoza mama: shoga yako miguu yake vipi? Akasema afadhali, siku hizi anatembea. Nikauliza daktari kamwambia atembee dakika ngapi kwa siku. Akanitazama, akaniambia nimalize mboga zangu.

Jumatano, 13 Machi
Wazo baya limeniingia na halitoki. Leo nimemaliza kaya zangu zote, nikaongeza mbili za kesho, mpaka mwenye nyumba ya mwisho akaniuliza kama sina kwetu. Kesho saa nne nitakuwa na nafasi. Nikikamatwa nje ya mtaa wangu, kazi hakuna. Najua. Lakini ni mara moja tu, na Bi Rula kesho ana kikao.

Kisebusebu na kiroho papo. Nalala.

Alhamisi, 14 Machi
Nimewafuata.

Kitambulisho mfukoni, mtandio mpaka kwenye nyusi, hatua hamsini nyuma yao. Mama kavaa vile viatu anavyodai vinambana. Havimbani hata kidogo, alikuwa anakwenda kama msichana. Penye mabehewa mabovu fundi akasimama, akamshika mkono. Nikajibanza, nikasema leo nitaona makubwa. Kumbe anamrekebishia saa. Mama akacheka, jicho kaliziba.

Nilifurahi mpaka machozi. Halafu nikaona wivu, niseme kweli. Miaka saba tangu baba afariki, mimi sijaweza kumchekesha hivyo.

Karatasi ya mzunguko wa leo nimeijaza: saa nne, kaya ya thelathini na moja, ile niliyoihoji jana. Nikatia sahihi. Nikamkabidhi Bi Rula mkononi.

Ijumaa, 15 Machi
Naandika jikoni. Birika liko motoni.

Nimerudi saa kumi na moja, namkuta Bi Rula sebuleni kwetu, dodoso mapajani. Majirani waliohama walikuwa kwenye orodha. Kaya ikikosekana, huchukuliwa nyumba inayofuata, na inayofuata ni yetu. Mdadisi haruhusiwi kuuliza kaya yake, ndiyo maana kaja mwenyewe. Na leo Ijumaa. Jana ni Alhamisi.

Nilidhani mama atajitia hamnazo. Wapi. Safari ya kwanza, sokoni. Safari ya pili, kwa miguu, nyuma ya karakana ya reli, na fundi saa. Madhumuni? "Mapenzi," akasema. Bi Rula akatafuta kisanduku chake, hakukiona, akaandika mengineyo. Nikaona aibu na fahari kwa pamoja. Mwaka mzima mama alikuwa anangoja kuulizwa vizuri tu.

Kisha swali la idadi: mliongozana watu wangapi?

"Wawili mbele," mama akasema. "Na mmoja nyuma."

Bi Rula akainua kichwa. Huyo wa nyuma ni mwanakaya wa nyumba hii? Ndiyo, mama akajibu, namba mbili, lakini safari zake aulizwe mwenyewe. Nikasema naweka chai.

Mama hajui habari za karatasi ya mzunguko. Anadhani ananilipa utani wangu wa mezani, basi. Nasikia zipu ya mkoba. Karatasi zetu za jana zimo humo, na Bi Rula anazipekua moja moja.

Maji yalishachemka zamani.

"Mwanakaya namba mbili," anaita Bi Rula. "Tuanze na saa nne."

Na mama, kwa sauti ile ile aliyowatulizia wazazi miaka thelathini: "Njoo, mwanangu. Haiumi."