Karani Hakuumwa na Nge

Mama,

Ni wiki tisa tangu tukuzike Butiama, na paka wako amekufa. Hapa Nyasura wote wanajua aliumwa na nge, maana ndivyo nilivyowaambia. Hata dada Nyangeta alipotuma mtu kutoka Musoma kuuliza, nilimjibu hivyohivyo: nge. Wewe siwezi kukuficha.

Nianze na kinyongo changu, nikitue. Dada alichukua sanduku lako na kanga zote tano. Mimi niliyekaa na wewe miaka minne nikaachiwa paka. Ulimwita Karani kwa sababu kila asubuhi alizunguka kona zote kabla hajala, kama mtu anayekagua kazi. Ulikuwaga unakaa mlangoni kumngoja. Mimi narudi na udongo mpaka kwenye nyusi, wewe unauliza, "Karani hujamwona huko njiani?"

Na kazi yangu hukuisifu. "Baba, umepiga lipu nyumba kumi na moja za watu, yako nyufa tupu. Nge akimpata Karani, ujue wewe ndiye uliyemfungulia mlango." Nikacheka. Mimi nilitaka bati kwanza, lionekane kutoka barabarani.

Mvua zilipoanza, nge wakazidi. Karani alikuwa anampiga nge kwa mkono, anaruka nyuma, anarudi tena. Niliogopa, Mama. Kweli niliogopa kwa ajili yake. Lakini lipu ni kazi ya siku sita, nami nikatafuta njia ya siku moja. Nikaomba chupa ya dawa ya josho, ile wanayoogeshea ng'ombe ili kupe wafe, nikapaka chini ya kuta zote. Asubuhi nikahesabu nge kumi na saba, wote wamekufa. Nikajiona fundi.

Sikufikiri kwamba paka hujiosha kwa ulimi.

Alizunguka kona zake kama kawaida, akakanyaga kila nilipopaka, kisha akakaa juani akaramba miguu, mmoja mmoja, yote minne. Nilikuwa namwona. Nilikuwa nakunywa uji, namtazama, nafurahi kwamba yuko salama. Mchana akaanza kutapika, mate yakamtoka, miguu ya nyuma ikakataa. Nikampa maziwa, hakuyagusa. Alikufa kesho yake, juu ya mkeka wako.

Mtoto wake mmoja yupo, yule mwenye doa jeupe shingoni. Nimemweka kwa jirani mpaka nyumba iwe safi. Udongo wote niliopaka dawa nimeukwangua, nikauzika kwenye shimo refu, mbali na maji na malisho. Kuni nimezitoa ukutani, maana ndimo nge walimojificha. Nyufa nilizihesabu thelathini na nne, zote nimeziziba, na leo lipu inakauka. Siku sita, Mama. Zilikuwa siku sita tu.

Jumamosi napanda lori kwenda Musoma. Nyangeta atanipigia kelele, atasema hata paka alinishinda kumtunza. Aseme. Akitaka huyu mdogo akae kwake, nitampa, ingawa nimeshamzoea. Ila habari ya Karani ataisikia kwa mdomo wangu, kabla sijavua viatu.

Pumzika, Mama. Sikukusikia ulipokuwa hai.

Mwanao,
Magesa