Maksai wa Minza

Emelyne, acha hayo mahindi usome hii. Minza wetu leo kaibiwa mchana kweupe!!

Unajua alivyoumia mwaka mzima na hesabu za kile kiini cha atomu ya lithiamu, chenye nyutroni mbili zinazozurura mbali na zile nyingine. Leo kakaa hapa Inyonga na simu yake, anafuatilia semina ya chuo mtandaoni. Nani anatokea kuwasilisha kazi hiyo? Msimamizi wake, Dokta Lwitiko!

Slaidi zote za Minza! Mpaka picha ya maksai wawili wa baba yake wamefungwa nira, aliyoiweka kuelezea zile nyutroni mbili. Jina lake halipo. HALIPO.

Mtu akauliza: ukitoa nyutroni moja, nyingine inabaki?

Dokta bila aibu: "Inabaki. Kama maksai, mmoja akitoka mwenzake anaendelea kulima."

Anaendelea kulima!! Mtoto yeyote wa Kisukuma anajua, maksai wa jozi ukimtoa mwenzake hasogei. Ndiyo maana Minza alichagua ile picha: nyutroni moja ikitoka, ya pili nayo inaondoka papo hapo.

Watu wakamcheka kwa jibu hilo. Dokta akasema, "Samahani, sehemu hiyo aliiandika mwanafunzi wangu, Minza Luhende."

Yaani jina lake limepatikana kwenye kosa! Na kosa lenyewe si lake!

Minza akawasha maiki. "Asante kwa kunitaja, Dokta. Sehemu zilizobaki pia niliandika mimi. Rudi slaidi ya kwanza, nieleze mwenyewe."

Ikabidi Dokta awe anamsogezea slaidi, moja moja, mpaka mwisho.