Sahani Tano Chini ya Kitanda

Mitchells Plain, 8 Ramadhani

Kwako Bibi,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Chini ya kitanda changu kuna sahani tano za majirani.

Assalamu alaikum. Sisi hatujambo. Baba anaendelea vizuri, ila daktari bado amemkataza mafuta. Natumaini miguu yako huko Paarl imepungua kuvimba.

Sahani zililetwa kabla ya magharibi, moja moja, na sambusa na bhajia. Unaujua mtaa wetu, sahani hairudi tupu. Tangu Baba apunguzwe kiwandani hatuna cha kuwekea. Mama huniuliza kama nimezirudisha na kitu, nami husema ndiyo. Nimefunga na ninasema uongo, Bibi. Idi ikifika kila mtu atatafuta sahani zake, na atakayeaibika ni Mama.

Ijumaa ijayo tutapata nusu kilo ya nyama ya kusaga. Je, kababu zako zinaweza kutosha sisi watatu na nyumba tano? Nimesoma vitabu viwili vya mapishi maktabani. Vyote vinataka kilo moja na nusu.

Mjukuu wako,
Moeniera

Paarl, 11 Ramadhani

Mjukuu wangu,

Waalaikumu salaam. Miguu imevimba, ulimi haujavimba, kwa hiyo sikiliza.

Vitabu hivyo viliandikwa na watu wenye bucha. Chukua mkate wa juzi, uloweke kwenye maji, ukamue. Kwaruza karoti mbili na kitunguu. Tia giligilani, kungumanga kidogo, yai moja, chumvi kijiko kimoja. Viringisha kwa mkono mwepesi, ukiminya zitakuwa kokoto. Usikaange. Zipange kwenye trei uzioke, Baba yako naye ale.

Onja kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Saumu haivunjiki.

Na Mama yako umwambie ukweli. Hilo silipiki mimi.

Bibi yako

Mitchells Plain, 15 Ramadhani

Kwako Bibi mpenzi,

Assalamu alaikum. Sote wazima, na leo tuna furaha.

Sikuonja. Najua ulisema inaruhusiwa, lakini niliogopa kumeza. Nilitia chumvi, nikasikia adhana ya alasiri, nikaenda kuswali. Niliporudi nikatia chumvi. Halafu nikaona vijiko viwili kwenye sinki, vyote vina chumvi. Nikakaa sakafuni. Nyama yote tuliyokuwa nayo ilikuwa kwenye bakuli lile.

Mama alirudi kazini akanikuta hapo. Nikamwambia yote, chumvi kwanza, sahani baadaye. Alienda chumbani kwangu, akainama, akazitoa.

"Hii ya Anti Galiema," akasema. "Juzi alinipita kama hanijui. Nikakesha nikiwaza nimemkosea nini."

Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, Bibi, mpaka akashika ukuta. Kisha akagusa nyama kwa ulimi, akatema, akasema hiyo ni bahari yenye vitunguu. Tukaongeza mkate wote uliobaki, karoti tatu, na dengu za jana. Akaonja tena, akaongeza viazi viwili vya kuchemsha. Nilikuwa nimepanga kababu ishirini. Zilitoka thelathini na nane, laini, na mafuta yake hayakujaza hata kijiko. Baba alizunguka jikoni akinusa mpaka akafukuzwa.

Mama alipanga tano tano kwenye kila sahani. Akasema nitazipeleka mwenyewe, na nisithubutu kusema yeye ndiye aliyechelewesha.

Nilianza kwa Anti Galiema kwa sababu ndiye ninayemwogopa zaidi. Aliipokea, akaiinua kutazama alama yake ya rangi kwa chini.

"Nilidhani imeolewa huko kwenu."

Nikamwambia niliificha kwa sababu hatukuwa na cha kuwekea, na Mama hakujua. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie.

Akanitazama. "Na sisi humu ndani tunasema labda sambusa zetu hamkuzipenda. Ndiyo maana sikuleta tena. Hata kumsalimu Mama yako niliona haya."

Akaniambia nimpe Mama salamu, kisha akasema hapana, atakuja mwenyewe baada ya tarawehe.

Nilikwenda nyumba nne zilizobaki, nikasema maneno yale yale. Nilifika nyumbani adhana ikianza. Nikanawa mikono, nikala tende moja na kababu mbili, nikaswali, kisha nikakaa kukuandikia.

Mjukuu wako,
Moeniera