Kanyama kadogo ka Kavira

Butembo, siku ya ine, mangaribi

Juu ya nini nilicheka?

Leo batoto ba darasa yangu balichagua banyama ba zamani sana ba kuchora, juu ya kuonyesha fasi banyama benye kunyonyesha balitokea. Bote balitaka mamuti, ule tembo wa manyoya. Kavira, binti mwenye alikimbia vita ya Kamango, akachora kanyama kadogo kama panya.

Nikacheka. "Tafuta munyama wa maana," nilimuambia mbele ya bote.

Akaanza kufuta. "Lakini Mwalimu, bale bakubwa balikufa bote. Haka kalikuwa kanajificha mu shimo muchana, usiku kanatoka kutafuta chakula. Kakapona. Sisi pia tulifanya vile."



Saa ya kutoka nilienda kumuomba pardon. Alikuwa amekwisha kuchora mamuti, mukubwa, wa kujaza karatasi yote.