Dawa ya Mtu Asiyeumwa

Kaka yangu mkubwa,

Leo ni siku ya kumi tangu nichomwe sindano ileile uliyochomwa wewe Bukavu. Nimerudi Baraka, na sijapata homa. Barua hii naiacha wazi ili wazee wenzetu wa Fizi waisome pia, maana mkojo unaokatikakatika hauchagui mtu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukiandaa mtumbwi wako? Hukuushusha ziwani kabla ya kuziba nyufa zake kwa pamba na mawese. Siku moja nilikuuliza mbona unaziba mahali ambapo maji hayajaingia. Ukanicheka: "We mwalimu, maji ikisha kuingia utaziba na nini? Na kitabu?"

Kwa mtumbwi ulijua hilo. Kwa mwili wako ulilisahau. Daktari alitaka kutoa kwa sindano vipande vidogo vya tezi dume, ile tunayoiita prostati, avipime kama kuna kansa. Alikupa vidonge viwili uvimeze asubuhi, kabla ya sindano. Asubuhi hiyo mama wa nyumba tuliyolala alikuwa na homa kali, ukampa vyote viwili.

"Dawa iko ya mugonjwa," uliniambia. "Huyu mama anatetemeka. Mi niko muzima, nitakunywa ya nini?"

Sikushangaa. Kwetu, anayeficha dawa na mwenzake anaumwa huhesabiwa nusu mchawi.

Hospitalini muuguzi akakuuliza, "Papa, dawa ulikunywa?" Ukajibu, "Nilikunywa." Nilikuwa nimekaa ubavuni pako, nikanyamaza, kwa sababu mdogo hamkanushi mkubwa wake mbele ya watu. Siku ya tatu ulianza kutetemeka wewe. Tulipofika kwa daktari, vijidudu vilikuwa vimeshaenea katika damu. Wiki haikuisha, tukakuzika.

Baadaye nilijifunza sababu. Sindano ile huingilia njia ya haja kubwa. Huko vijidudu vimejaa, na vikikaa kwao havitudhuru. Sindano ndiyo inayoweza kuvibeba hadi kwenye tezi na kwenye damu. Dawa humezwa mapema ili vikifika viikute imeshatangulia. Haitibu ugonjwa ulioko. Ni pamba na mawese yako, kaka.

Zamu yangu ilipofika, nilimwambia binti yangu Riziki kabla hatujapanda gari: "Huko tunakoenda, nikisema uongo unikanushe mbele ya batu." Alidhani natania.

Daktari aliniuliza kama karibuni nilitumia dawa yoyote ya kuua vijidudu. Nikasema hapana, kwa sauti ileile ya darasani. Riziki akakohoa.

"Papa, na zile kapsuli za duka, wakati tumbo ilikuwa inakusumbua?"

Muuguzi alicheka. Niliona haya kama mwanafunzi. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba vijidudu vilivyozoea dawa huidharau, akanipima upya, akachagua dawa nyingine. Siku ya sindano nilimeza, Riziki akinitazama koo. Muuguzi aliponiuliza kama nimekunywa, nilimwambia, "Muulize na huyu."

Wazee wenzangu, dawa ya kukinga msiigawe, hata kwa mnayempenda. Mgonjwa mpelekeni akapate yake. Waambieni madaktari kila mlichomeza. Na baada ya sindano mkisikia homa au baridi ya kutetemesha, rudini hospitali saa ileile, msingoje kupambazuke.

Majibu ya vile vipande bado hayajatoka. Yakija na kansa, tutaanza matibabu. Yakija bila kansa, tutakula samaki. Vyovyote vile yatanikuta nipo.

Kaka, ningekukanusha siku ile, ungeninunia njia nzima kutoka Bukavu, na huku Baraka ungemsimulia kila mtu kwamba nimekuvunjia heshima. Ningekuwa sasa hivi nimekaa mlangoni pako, nakuomba msamaha kwa mara ya mia, nawe umekataa kunitazama.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuheshimu vibaya.