Nimemshinda Hamidu kwa Kiklingoni

Jumatatu, 12 Mei 2025

Dk. Paulina katangaza jaribio la Ijumaa: ulinganishi katika Kiklingoni. Ndiyo, ile lugha waliyotungiwa wapiganaji wa kwenye sinema! Darasa zima la isimu likaguna. Nilifurahi peke yangu.

Hamidu anasema nitabaki nyuma yake kama kawaida. Kama kawaida! Nikamwekea dau hapohapo kantini. Nikimzidi, alete washenga kwetu Kondoa. Akinizidi, simuulizi tena habari za posa mpaka apate kazi. Akacheka, akakubali. Miaka miwili ananipiga kalenda huyu.

Jumatano, 14 Mei

Nimeipenda lugha hii. Haina "kuliko". Ukitaka kusema kamanda anamzidi askari kwa ujasiri, unasema: kamanda jasiri nyingi, askari jasiri chache. Basi. Wakiwa sawa: kamanda jasiri sawa, askari jasiri sawa — neno moja, *rap*, linatajwa mara mbili, kila mtu na lake. Tofauti nayo vilevile, tofauti huku, tofauti kule. Raha tupu! Asma, ninayekaa naye chumba, anadai nimelinganisha ndoo yake na yangu kwa sauti.

Ijumaa, 16 Mei

Nimejibu yote. Hamidu katoka anapiga mluzi. Namwogopa.

Jumatatu, 19 Mei

Tisini na mbili! Yeye themanini na nne!!

Kwenye usawa kachomeka "kama" yake ya Kiswahili, maksi zikaenda. Kaniambia dau lilikuwa utani tu. Nikamwambia mimi sikutania. Jioni kapiga simu: atazungumza na baba yake mdogo baada ya Idi. Nimeruka kitandani mpaka chaga moja imekatika.

Jumamosi, 14 Juni — Kondoa

Wamekuja! Mzee Masudi, baba mdogo wa Hamidu, na wenzake wawili. Wako sebuleni na baba. Mimi chumbani, mlango nimeurudishia nusu. Mama kanikataza kuchungulia. Kusikiliza hakunikataza.

Mzee Masudi kaanzia mbali — mavuno, barabara, bei ya alizeti. Baba kamwacha mpaka maneno yakamwishia. Halafu kauliza, huyo kijana wao anamzidi nini binti yake, msomi wa chuo kikuu.

"Hamzidi," Mzee Masudi kasema. "Kashindwa naye mtihani. Ndiyo maana tumekuja."

Nikajua nimeumbuka — Hamidu kawaeleza yote! Kisha baba kacheka. Baba yangu, ambaye hata harusini hacheki! Kacheka mpaka kakohoa, akaagiza chai iongezwe.

Sasa anataka niitwe niulizwe kama nawafahamu wageni hawa. Nikisema siwafahamu, wanaaga na kuondoka. Nikisema nawafahamu, posa imekubaliwa.

Mama yuko mlangoni na khanga mpya. Ananisihi nitembee polepole, nisionekane nina haraka. Najaribu —