Jina la Saba

Kisangani, Jumapili, tarehe 11 Mei 2025

Mpendwa Yunus, mutoto wa dada yangu,

Salaam aleikum, wewe na wote wa nyumba yako huko Bafwasende. Kabla hujaendelea, kaa vizuri: barua hii imeandikwa na mutu aliyesoma kitabu kizima cha Kifaransa, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, bila miwani.

Mugongo wako je, ule ulioumia kwenye lori? Na muke wako Aïcha, homa imemuachia? Mimi goti la kushoto limegoma, la kulia linafanya kazi ya mawili na kunung'unika. Meno yamebaki manne, nayo hayasalimiani.

Bon, kitabu sikusoma. Ni Nadia, mujukuu wangu, anajitayarisha kwa mutihani wa Serikali. Ananisomea kwa sauti, nami nasema miwani imepotea. Iko mufukoni.

Ni muchezo wa kuigiza wa Mwingereza wa zamani, habari za Roma. Kuna mukubwa mumoja anapendwa na watu. Rafiki zake wanaogopa atajifanya mufalme. Wanakutana kwa siri, wanamuua, kila mutu na kisu chake, na kati yao kuna rafiki aliyempenda kuliko wote. Mwalimu ameuliza: huyo rafiki alikuwa mutu mwema au musaliti?

“Koko, wewe unasema nini?” Nadia akaniuliza.

Nikamwambia aende aangalie ndizi za makemba jikoni, zinaungua.

Unamukumbuka Papa Waziri, prezida wa maseremala wetu. Kitanda unacholalia ni kazi yake. Alituongoza miaka kumi na miwili. Mwaka juzi akaanza kufuatilia karatasi za uwanja wetu wa kazi, nasi tukaanza kunong'ona: anautaka uwe wake na wa watoto wake. Hakuna aliyemuuliza. Tulikutana nyuma ya stoo ya mbao, watu saba, tukaandika barua ya kumushitaki kwa wakubwa wa serikali. Sita walitia sahihi haraka. Mimi nilishika kalamu tu, maana Waziri ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tunaiba miwa pamoja.

“Muzee, bila jina lako watasema ni wivu,” Aboubakar, mumoja wa wale sita, akaniambia. “Ukiliweka, watasema ni haki.”

Nikaliweka. La saba, tena kwa mwandiko muzuri. Nilijivunia ule mwandiko, Yunus.

Wakamufunga siku nne. Mutu aliyekuwepo alinieleza: walimuonyesha barua, akayafuata majina kwa kidole, moja moja, na kila jina alikuwa na jibu lake. Alipofika kwangu akaikunja karatasi, akasema hana la kujitetea. Alitoka na kikohozi. Miezi miwili baadaye tukamuzika.

Kaburini shehe akauliza kama desturi yetu: “Mulimujua namna gani huyu mutu?” Tukajibu mara tatu: “Mutu mwema.” Wale saba tulisimama mbele, na sauti zetu ndizo zilisikika zaidi. Nililia mpaka wakanishika. Nilikuwa nalia kweli, na hiyo ndiyo mbaya.

Arobaini ilipopita, karatasi za uwanja zikapatikana kwenye sanduku lake. Aliuandikisha kwa jina la maseremala wote.

Sasa sikia. Kabla ya kufa, Waziri alimutajia muke wake, Mama Zaina, walioandika ile barua. Alimutajia majina sita. Mama Zaina anaamini mimi nilikataa. Kila Ijumaa baada ya sala ananiletea sahani, samaki wa maporomoko na pondu, yale majani ya muhogo. Juzi akaniambia, “Shemeji, kama wangekuwa wawili kama wewe, Waziri angekuwa hai.” Nikala. Nikafyonza hata mifupa.

Jana Nadia akamaliza kitabu. Yule rafiki anajiua mwenyewe. Nadia anaona hiyo ni heshima. Nikamwambia hapana, hiyo ni njia ya mukato. Kazi ni kubaki na kula samaki. Akauliza basi aandike nini. Nikamwambia, andika alikuwa mutu mwema. Asingekuwa mwema, wale wengine wasingemuhitaji.

Msalimie Aïcha. Karima binti yako mwambie asikubali mutafuta-dhahabu kabla hajaiona dhahabu yenyewe. Mungu awape afya, awakaushie barabara, na awakinge na rafiki wa namna yangu.

Yunus, una deni la fadhila yangu moja. Ulipowaogopa wajomba wa Aïcha, nani alikwenda kukuposea, akafukuzwa mara mbili, akarudi ya tatu? Donc, ukiipata barua hii, mupigie simu Mama Zaina. Mwambie Ijumaa asilete sahani, Tonton Djuma atakuja kwake, ana neno juu ya ile barua. Usiongeze kitu. Mimi nimejaribu mara tatu, na kila mara nimeishia kusifu chumvi. Ukishamwambia wewe, atakuwa ananingoja, nami sitaweza kupita mulango wake kama mutu asiye na habari.

Wako akupendaye, hata kama hastahili,

Tonton Djuma